Ingrid Bergman: Mwigizaji aliyeomba nafasi ambazo hakuna aliyefikiria kumpa

Mleta uzi:

Wanajukwaa, salaam.

Kila Ingrid Bergman anapotajwa, yanayofuata huwa mawili: filamu ya Casablanca na kashfa ya mwaka 1950. Yote mawili ni ya kweli na nitayagusa, lakini baada ya kuzitazama filamu zake kwa miaka mingi na kusoma aliyoyasimulia mwenyewe uzeeni, nimeona kuna jambo la tatu linaloyaeleza hayo mawili. Mama huyu alikuwa na tabia ya kuikataa nafasi aliyotengewa na kuiomba ile ambayo mwongozaji hakumfikiria nayo kabisa. Alifanya hivyo akiwa na miaka 25, akafanya tena akiwa na miaka 58, na mara moja kuomba huko kulimgharimu ndoa, mtoto na karibu kila alichokuwa amekijenga Marekani.

Alizaliwa Stockholm, Uswidi, tarehe 29 Agosti 1915. Baba yake, Justus Bergman, alikuwa mpiga picha mwenye duka lake mjini. Mama yake, Friedel Adler, alikuwa Mjerumani wa Hamburg, naye alifariki Ingrid hajatimiza hata miaka mitatu. Baba alipenda sana mambo ya kamera, akawa anaazima mashine ya kupigia sinema ili ampige mwanawe, na kipande kimoja kati ya hivyo kinamwonyesha binti mdogo akiweka maua juu ya kaburi la mama yake. Nakitaja kipande hicho kwa sababu wapo wanaojiuliza ni wapi alikopata ule utulivu wake mbele ya kamera, kana kwamba haipo. Baba naye alifariki kwa saratani Ingrid akiwa na miaka 13. Shangazi yake Ellen akamchukua, na miezi sita baadaye shangazi naye akafariki, hata ikabidi ami yake Otto na mkewe wamlee pamoja na watoto wao.

Mwaka 1933 aliingia shule ya uigizaji ya Dramaten, ukumbi wa kifalme wa tamthilia mjini Stockholm, ambako Greta Garbo alikuwa amesoma kabla yake. Hakudumu. Baada ya mwaka mmoja aliiacha, akafuata sinema, na mwaka 1936 mwongozaji Gustaf Molander akampa nafasi ya mpiga piano kijana katika Intermezzo. Mwaka 1937 aliolewa na Petter Lindström, daktari wa meno, na mwaka uliofuata wakampata binti yao Pia. Mwaka huohuo wa 1938 alicheza filamu moja katika studio za UFA nchini Ujerumani, Wanazi wakiwa madarakani, hilo silipambi.

Intermezzo ndiyo iliyomfikisha kwa mtayarishaji David O. Selznick, aliyemwita Hollywood mwaka 1939 ili aicheze upya kwa Kiingereza akiwa na Leslie Howard. Hapo ndipo tunapoona ukaidi wake kwa mara ya kwanza. Selznick aliliona jina lake kuwa la Kijerumani mno, akaziona nyusi zake nene mno, na meno yake akayaona yanahitaji kutengenezwa. Binti akasema kwamba kama ni hivyo atapanda treni arudi kwao. Selznick, aliyekuwa mfanyabiashara hodari, alitafakari, kisha akageuza kukataa huko kuwa tangazo: huyu ndiye mwigizaji asiyepakwa chochote, mnamwona kama alivyoumbwa. Tangazo hilo liliuzika sana. Kwa maoni yangu lilikuwa pia poda ya aina yake, tena nzito kuliko ile aliyoikataa, kwa kuwa poda ya usoni mtu huinawa jioni, lakini hii ya usafi wa moyo alitakiwa aivae hata nyumbani.

Mwaka 1941 alipewa filamu ya Dr. Jekyll and Mr. Hyde, nafasi ikiwa ni ya mchumba mtulivu wa daktari, na Lana Turner akapangiwa kuwa Ivy, mhudumu wa baa anayeteswa na yule mnyama ndani ya daktari. Ingrid alimwendea mwongozaji, Victor Fleming, akamwomba awabadilishe. Fleming alishangaa kwamba mwanamke mwenye uso kama ule anautaka ubaamedi, lakini alimjaribu mbele ya kamera na akakubali. Tazameni filamu hiyo muone hofu ilivyo machoni mwa Ivy kila mlango unapofunguliwa. Mchumba mtulivu asingeweza kutupa jambo kama hilo.

Kuhusu Casablanca nitasema kidogo, kwa sababu imeandikwa mno. Wengi wetu tukisikia jina hilo tunazikumbuka klabu za soka za Raja na Wydad kabla ya filamu, na huenda tuko sahihi zaidi, kwa kuwa kazi yote ya mwaka 1942 ilifanyika California na Moroko hawakuikanyaga. Skripti haikuwa imekamilika wakati kamera zinawashwa. Ingrid alikuwa akimuuliza mwongozaji, Michael Curtiz, ni yupi kati ya wanaume wawili anayempenda kweli, naye akajibiwa acheze katikati hadi watakapoamua. Ile sura ya kutojua inayosifiwa mpaka leo ilitoka kwa mwigizaji ambaye hakuambiwa. Mwenyewe hakuithamini sana filamu hiyo. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye For Whom the Bell Tolls, ambayo alikatwa nywele kwa ajili yake na kuteuliwa kuwania Oscar.

Oscar yenyewe ilikuja na Gaslight ya mwaka 1944, kisa cha mume anayemfanya mkewe aamini kwamba anarukwa na akili. Charles Boyer, aliyecheza mume, alikuwa mfupi kuliko yeye, maana Ingrid alikuwa na urefu wa takriban sentimita 175. Siku ya kwanza ya kazi, wakiwa hawajafahamiana, walipangiwa tukio la mapenzi, Boyer akasimamishwa juu ya kisanduku, na Ingrid akawa anakipiga teke kila anapomkimbilia. Baada ya hapo zikaja kazi mbili na mwongozaji Alfred Hitchcock, Spellbound na Notorious, na nafasi ya mtawa katika The Bells of St. Mary's. Mwaka 1946 alikuwa jukwaani akimwigiza Jeanne d'Arc, mtakatifu shujaa wa Ufaransa, na mchezo ulipopelekwa Washington akagundua kuwa ukumbi ule hauwaruhusu watu weusi kuingia. Aliwaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba angelijua mapema asingekubali kuja, na wapo waliomtukana kwa kauli hiyo.

Basi mjue hali ilivyokuwa mwaka 1948: mke wa daktari, mama wa mtoto mmoja, mtawa wa kwenye sinema na mtakatifu wa jukwaani. Huyu ndiye aliyekaa akaandika barua.

Alikuwa ameitazama Roma città aperta ya Roberto Rossellini, mwongozaji wa Italia, filamu iliyopigwa Roma vita vikiwa bado vinanuka, akaguswa mno. Kisha New York akaiona Paisà, filamu nyingine ya mwongozaji huyo, katika ukumbi mtupu. Akamwandikia Rossellini, mtu asiyemjua, kwamba ikiwa anahitaji mwigizaji wa Kiswidi anayejua Kiingereza vizuri, ambaye hajasahau Kijerumani chake, ambaye Kifaransa chake hakieleweki sana, na ambaye Kiitaliano anachokijua ni maneno ya "ti amo" tu, basi yuko tayari kwenda kufanya naye kazi. Barua ilimfikia tarehe 8 Mei 1948, siku ya kuzaliwa kwake. Kila mwandishi wa udaku ameyasoma maneno hayo mawili ya Kiitaliano kama mtego wa mapenzi. Mimi naiona barua ya kuomba kazi iliyoandikwa na mtu aliyechoka kuigiza katika mandhari bandia ya kadibodi, ingawa sikatai kwamba mapenzi yalifuata haraka.

Mwaka 1949 walikuwa Stromboli, kisiwa cha volkano kaskazini mwa Sisilia. Ingrid alimwigiza Karin, mkimbizi wa Kilithuania anayeolewa na mvuvi ili tu atoke kambini, kisha anajikuta amefungiwa katika mawe meusi na watu wasiomtaka. Rossellini hakuwa na skripti ya kueleweka, na waigizaji wengi walikuwa wavuvi wa palepale. Kwa kuwa hawakujua lini waseme, mwongozaji aliwafunga kamba kwenye vidole gumba vya miguu, akashika ncha zake, akawa anavuta: ikivutwa kamba yako, unasema. Nyota aliyezoea taa za Hollywood alikuwa akizungumza na watu wanaojibu kwa kuvutwa kidole, bila kujua jibu litakuwa nini. Tukio la uvuvi wa jodari katika filamu hiyo, maji yanaporuka na samaki wakubwa wanapovutwa juu na yeye akitazama pembeni akiwa amelowa, halikuhitaji kuigizwa.

Alipata ujauzito kabla ya talaka. Mtoto wa kiume alizaliwa Roma tarehe 2 Februari 1950, usiku uleule Anna Magnani, mpenzi wa zamani wa Rossellini, alipokuwa akizindua filamu yake ya Vulcano, iliyopigwa kisiwa cha jirani kwa kushindana na Stromboli. Waandishi walipopata habari za hospitalini, waliuacha uzinduzi wakakimbilia huko. Tarehe 14 Machi, Edwin C. Johnson, seneta wa Colorado, alisimama ndani ya Seneti ya Marekani kumlaani mwigizaji huyu na kupendekeza sheria ya kuwapa leseni waigizaji kwa kuangalia maadili yao. Seneti nzima ikamsikiliza akizungumzia uzazi wa raia wa Uswidi aliyeko Italia. Wanawake wengi wa Hollywood waliwahi kupata mtoto nje ya ndoa wakafichiwa. Huyu hakusamehewa kwa sababu watu walikuwa wameuziwa mtakatifu, nao walihisi wametapeliwa bidhaa.

Ingrid na Rossellini walioana mwezi Mei mwaka huo, wakazaa pia mapacha, Isabella na Isotta, mwaka 1952. Filamu walizofanya pamoja hazikuwa na soko, na mume hakupenda mkewe afanye kazi na waongozaji wengine. Hata hivyo, namwomba kila msomaji atafute Viaggio in Italia ya mwaka 1954. Mke na mume wa Kiingereza, ndoa ikiwa imekauka, wanapelekwa Pompeii, mji wa kale uliofukiwa na volkano, kutazama wachimbaji wakimwaga plasta katika uwazi ulioachwa ardhini na miili ya watu waliozikwa na majivu. Wakifukua, wanatokea wawili, wamelala ubavu kwa ubavu. Ingrid anageuka na kuondoka huku analia, na hakuna maelezo yoyote. Watazamaji wa wakati ule waliiona filamu hiyo haina kisa. Vijana wa jarida la Cahiers du cinéma jijini Paris wakasema sinema mpya imeanzia pale, na kwa maoni yangu walikuwa sahihi.

Ndoa ilichakaa. Mwaka 1956 aliigiza Anastasia, Marekani wakampa Oscar ya pili, na kwa kuwa yeye hakuwepo, Cary Grant akaipokea kwa niaba yake. Naishia hapa ili wengine wachangie.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, uzi mzuri na nimeusoma wote, lakini umempitisha mama huyu kwa upole sana penye Pia. Mtoto alikuwa na miaka 10 mama yake alipoondoka kwenda Italia kwa kazi ya miezi michache, na hakurudi. Mwaka 1952 suala lilifika mahakamani Los Angeles, Pia akiwa na miaka 13 akahojiwa na kusema kwamba hampendi mama yake kiasi cha kutaka kwenda kukaa naye, na hakimu akakataa maombi ya mama ya kupelekewa mtoto Italia. Hawakuonana tena mpaka mwaka 1957. Tukisema aliomba nafasi kubwa na kulipa gharama, tukubali kwamba sehemu ya gharama hiyo ililipwa na mtu mwingine ambaye hakuandika barua yoyote.

Mleta uzi:

Ndugu yangu, umenikosoa kwa haki, na sitatafuta pa kujificha. Nitaongeza tu kwamba jambo hilo limo ndani ya kazi yake, na pengine ndiyo maana nililichelewesha.

Mwaka 1977 alikwenda Norway kufanya kazi na mwongozaji Ingmar Bergman, ambaye si ndugu yake bali wanashiriki jina tu, na ambaye wakati huo aliishi nje ya Uswidi kwa sababu ya mgogoro wa kodi. Filamu ni Höstsonaten, yaani Sonata ya Vuli, iliyotoka mwaka 1978. Ingrid ni Charlotte, mpiga piano maarufu anayekuja kumtembelea binti yake Eva, anayechezwa na Liv Ullmann, baada ya miaka saba ya kutoonana. Waliposoma skripti alibishana na mwongozaji kwa nguvu, na mojawapo ya aliyoyapinga ni hiyo miaka saba: alisema hakuna mama anayeweza kukaa mbali na mwanawe muda wote huo. Pigeni hesabu wenyewe mlinganishe na uliyoyaandika kuhusu Pia. Mwongozaji hakuibadilisha.

Kuna tukio Eva anapiga utangulizi mmoja wa Chopin, kwa woga, huku mama akimsikiliza. Kamera haiendi kwenye vidole, inabaki kwenye uso wa Charlotte. Unaona mapenzi kwa mtoto, kisha unaona sikio la fundi likiumia kwa noti iliyobonyezwa vibaya, kisha unaona mama akiificha ile karaha, na mwisho unaona anajua kwamba hakufanikiwa kuificha. Anaombwa aseme ukweli, anasema, halafu anakaa yeye kwenye kinanda aonyeshe inavyopigwa, na safari hii ni uso wa binti tunaotazama. Sijaona mwigizaji mwingine aliyekubali kuonekana mbaya kiasi hicho bila kudondosha chozi la kuomba huruma yetu.

Mchangiaji wa pili:

Shikamoo mleta uzi. Mimi nilimfahamu kupitia Murder on the Orient Express, akiwa yule mmisionari mwenye haya anayezungumza Kiingereza cha kubabaisha. Nimesikia kwamba kanafasi kale kalimpa Oscar ya tatu. Ilikuwaje nyota kama yeye akapewa kipande kidogo namna ile?

Mleta uzi:

Marahaba. Hakupewa, aliomba, na hiyo ndiyo ya miaka 58 niliyoidokeza mwanzo. Mwongozaji Sidney Lumet alimtaka awe binti mfalme Dragomiroff, bibi mwenye vito na maneno makali, nafasi ambayo mwigizaji yeyote wa umri wake angeifurahia. Ingrid akasema anamtaka Greta Ohlsson, Mswidi anayehudumu Afrika, mwenye mavazi ya kuchusha. Lumet alibishana naye akashindwa. Kisha akafanya ujanja wa kiungwana: mahojiano yote ya Greta na mpelelezi aliyapiga kwa kipande kimoja bila kukata, karibu dakika tano, kamera ikimfuata yeye tu. Hapo hapana pa kujificha. Ukijikwaa dakika ya nne, mnaanza upya.

Niseme kidogo kama msomaji wa huku kwetu. Wamisionari wa Kiswidi tunawafahamu, hasa walioishi Kagera na Tabora, na namna Greta anavyowazungumzia watoto wa Kiafrika inakera. Ila tazama anavyoichezea: hatuchekeshwi na Afrika, tunachekeshwa na mtu ambaye ameificha akili yake nyuma ya ulokole, na ukishajua mwisho wa kisa unarudia tukio lile ukagundua kwamba hata kigugumizi kilikuwa uongo wa Greta.

Usiku wa tuzo, mwezi Aprili 1975, alipanda jukwaani akasema kwamba haki ilikuwa ya Valentina Cortese wa Italia, mshindani wake aliyekuwa amekaa ukumbini, akamwomba radhi mbele ya watu wote. Miaka mitatu kabla, seneta mwingine, Charles Percy wa Illinois, alikuwa ameomba radhi ndani ya Seneti kwa maneno ya mwaka 1950.

Mchangiaji wa kwanza:

Nimeridhika na jibu la Charlotte. Na mwisho wake ulikuwaje? Wengine tunajua tu kwamba alifariki siku aliyozaliwa.

Mleta uzi:

Ni kweli, alifariki London tarehe 29 Agosti 1982, siku aliyotimiza miaka 67. Saratani ya matiti ilikuwa naye tangu mwaka 1974. Ndoa yake ya tatu, na Lars Schmidt, mtayarishaji wa tamthilia, ilikuwa imekwisha kwa talaka, lakini majivu yake mengi yalimwagwa baharini karibu na kisiwa cha Dannholmen, pwani ya magharibi ya Uswidi, walikokuwa wakipumzika enzi za ndoa yao.

Kazi ya mwisho ilikuwa filamu ya televisheni kuhusu Golda Meir, aliyekuwa waziri mkuu wa Israeli, iliyopigwa Israeli. Alipoombwa alisita, akiona kwamba mwanamke mrefu wa Kiswidi hawezi kumvaa Golda. Hii ndiyo mara ambayo wengine walimwomba yeye. Baada ya upasuaji mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba vibaya kwa maji yaliyokosa pa kupita, na Golda alikuwa mtu wa kuonyesha mikono anapozungumza. Walitaka wauepushe mkono ule na kamera. Usiku Ingrid aliuning'iniza juu ya kitanda, akalala hivyo, ili maji yashuke na asubuhi uonekane mkono wa kawaida kwa saa chache, na katika saa hizo ndipo walipopiga matukio ambayo mikono inaonekana.

Wiki chache baada ya mazishi alishinda tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo. Aliyekwenda kuipokea ni Pia.